Haki ya Kuilaumu Ngoma: Kwa Nini Watu Huchangia Sanaa za Kwao

Mhadhara wa wazi uliotolewa Ediofe, Arua



Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili ili Mlugbara, Mkakwa, Mwaluri, Mmadi, Mnubi na ndugu zetu wa Kongo na Sudan Kusini tusikilizane bila mkalimani. Wapo wazee hapa ambao lugha hii inawakumbusha vizuizi vya barabarani na buti za askari. Nawaelewa. Lakini Baraza la Mawaziri la Uganda liliipitisha lugha hiyohiyo mwaka 2022 iwe lugha rasmi, na sokoni Arua haikuwahi kusubiri kupitishwa.

Swali langu leo ni la fedha. Kwa nini mtu ambaye bado anadaiwa karo ya mtoto anatoa noti ya shilingi 10,000 kwa kikundi cha wapiga kinubi cha adungu? Hakuna aliyemlazimisha. Kikundi hakitamrudishia kitu. Adungu itapigwa hata asipotoa, naye ataisikia bure akiwa amesimama chini ya mwembe.

Jibu la haraka ni methali: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, lakini methali hiyo inatuambia nani hutoa, haituambii kwa nini hutoa hapa na hatoi pale. Mtu huyohuyo mwenye moyo hulipita sanduku la mchango la kikundi kimoja bila kugeuza shingo, akafika kwa kikundi kingine akafungua pochi. Mimi nina jibu moja na nitalitetea mpaka mwisho. Watu huchangia sanaa pale ambapo mchango wao unawapa neno. Anayechangia ngoma anapata haki ya kuilaumu: kusema mwaka huu imelegea, wachezaji wamechelewa, wimbo ule wa zamani mmeuacha kwa nini. Haki hiyo ikikosekana, hata mwenye moyo hufumba mkono.

Kwanza tukubaliane kwamba sanaa ya jamii haijilipii. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walichapisha kitabu kuhusu uchumi wa sanaa za jukwaani, na hoja yao kuu mwanakwaya yeyote wa hapa anaielewa bila shule. Kiwandani, mashine mpya huwezesha watu watano kufanya kazi ya hamsini. Katika muziki haiwezekani. Wimbo uliohitaji waimbaji ishirini zamani unahitaji waimbaji ishirini leo, na mazoezi yaleyale ya jioni. Wakati huohuo bei ya kila kitu kingine inapanda: ngozi ya ng'ombe, mbao, nyuzi za nailoni za wavuvi ambazo siku hizi ndizo nyuzi za adungu, sare, na lori la kuwapeleka wachezaji Koboko au Nebbi na kuwarudisha usiku. Kiingilio hakifuniki gharama hizo, na mara nyingi hakuna mlango wa kukilipia. Kwa hiyo pengo lazima lizibwe na mtu, na ni juu yetu kujua mtu huyo ni nani na anadai nini.

Sasa niwapeleke kwenye mnada wa jogoo. Nyote mmeuona. Ni siku ya kuchangia ngoma mpya za kwaya, au sare za kikundi cha wanawake. Viti vya plastiki vimepangwa, turubai limefungwa. Mgeni wa heshima amechelewa, kama ilivyo desturi ya wageni wa heshima. Hotuba zikiisha, analetwa jogoo amefungwa miguu. Sokoni jogoo huyo angepata labda shilingi 40,000. Mshereheshaji anaanza: elfu hamsini, nani ana elfu hamsini? Mjomba wa mwenyekiti anainua mkono. Mkwe hawezi kukubali kushindwa na mjomba, anapandisha mpaka 100,000. Walimu wa shule ya msingi wanakusanya sarafu na noti mezani kwao, wanatoa dau la pamoja. Mwisho jogoo ananunuliwa kwa 200,000, watu wanapiga vigelegele, na mnunuzi anasimama na kusema: "Nimemrudisha kwa kikundi." Basi jogoo ananadiwa tena. Nimeshuhudia jogoo akiuzwa mara kadhaa mchana mmoja na bado akalala kwenye banda la mtu asiyemnunua.

Mgeni kutoka mbali akiona hivyo atasema hawa wanatafuta sifa. Hakukosea, ila amefika nusu ya njia. Kama ni sifa tupu, ingemtosha mnunuzi kutangazwa jina siku ile na mambo yakaisha. Mfuatilieni wiki inayofuata. Mtamkuta nje ya ukumbi wa mazoezi, mikono nyuma, anasikiliza. Anauliza ngoma zimenunuliwa kwa nani na kwa bei gani. Anasema ile kubwa sauti yake ni ya debe. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye mwezi uliopita angemwambia ashughulike na yake, sasa anamletea kiti. Kile kiti ndicho alichokinunua, na kwa shilingi 200,000 hakikuwa ghali.

Walimu waliochanga sarafu zao mezani wamepata kitu kilekile kwa bei ndogo, na hilo ndilo linalonivutia zaidi. Mshereheshaji hodari hamnadii jogoo kwa tajiri peke yake. Anahakikisha kila meza imetaja kiasi chake, hata elfu mbili, na kiasi hicho kimeandikwa kwenye daftari mbele ya macho ya watu. Daftari hilo ni ndugu wa lile la rambirambi tunaloweka kwenye misiba. Jina likishaandikwa, mtu si mtazamaji tena.

Wasomi wa masuala ya utoaji wameandika mengi. James Andreoni, mchumi wa Marekani, alitoa makala maarufu mwaka 1990 akieleza kwamba mtoaji hupata joto la moyo kwa kitendo chenyewe cha kutoa, mbali na faida inayompata mpokeaji. René Bekkers na Pamala Wiepking wa Uholanzi walipitia tafiti zaidi ya 500, na mwaka 2011 wakazipanga sababu za watu kutoa katika makundi manane: kujua kwamba kuna shida, kuombwa, gharama na faida, huruma, sifa, furaha ya ndani, maadili, na imani kwamba mchango utafanya kazi. Ni orodha nzuri, na ile ya kuombwa napenda kila mwenyekiti wa kikundi aiandike ukutani, kwa sababu wengi hawatoi kwa kuwa hakuna aliyewaendea. Lakini sehemu kubwa ya tafiti hizo imefanywa katika nchi ambako mtu hutuma fedha kwa benki kwenda kwa shirika ambalo hatakutana nalo njiani. Sisi hapa tunakutana na kikundi kisimani, kanisani, msikitini, kwenye foleni ya zahanati. Kati ya sababu zile nane sioni ile ya mtu anayetoa ili kesho awe na neno.

Nitafute ushahidi nje ya Arua, maana mtu asiseme hii ni tabia ya Walugbara peke yao. Kule pwani mambo haya yana historia ndefu, na imeandikwa vizuri. Mombasa, katikati ya karne ya 20, wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama. Viwili vilivyojulikana kwa ushindani ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Mwanahistoria Margaret Strobel aliwahoji wanawake wale na akaonyesha kwamba chama cha lelemama kilikuwa na vyeo, michango na sherehe za kushindana: nani amepika zaidi, nani amevaa vizuri zaidi, nani amewaalika wageni wengi zaidi. Mwanamke alipanda cheo kwa kutoa. Akishapanda, alikuwa na kauli juu ya ngoma na juu ya wanachama wenzake. Waume walinung'unika, na mashehe pia. Lakini angalieni kilichozaliwa humo. Kutoka kwenye uhasama uleule wa lelemama walitoka wanawake walioanzisha vyama vya wanawake Waislamu vya elimu na maendeleo. Walikwisha kujifunza kukusanya fedha, kuweka hesabu, kugombana kwa utaratibu na kupatana.

Ngoma ya beni ilikuwa hivyohivyo kwa wanaume. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi, na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaisambaza mpaka bara. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti, wapinzani wa jadi, wenye vyeo vya majenerali na wafalme. Wakoloni waliwaogopa, wakadhani ni njama. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba vyama hivyo vilikuwa pia mahali pa kusaidiana: mwanachama akifa mjini mbali na kwao, wenzake walimzika. Kijana aliyekuja mjini bila ukoo alilipa ada ya ngoma, na kwa ada hiyo akapata watu wa kumlilia.

Na Dar es Salaam, mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka wanawake, kilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Bibi Titi hakuanza na mikutano ya hadhara. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na maelfu ya wanawake wakajiunga kupitia kwao. Wanasiasa wa leo wanaodhani ngoma ni burudani ya kusubiria mgeni rasmi wangesoma habari hizo. Mwaka ule vikundi vya ngoma ndivyo vilivyokuwa na kitu ambacho chama kipya hakikuwa nacho bado, yaani wanawake waliozoea kuchanga fedha zao na kuuliza zimekwenda wapi.

Turudi West Nile, mkoa wetu. Hapa Ediofe tunakaa kwenye kivuli cha kanisa kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, makao ya Jimbo la Arua lililoundwa mwaka 1958. Wamisionari Wakomboni walileta imani, shule na dawa, na walileta pia muziki wao. Katika misheni za zamani Misa iliimbwa kwa Kilatini, na palipokuwa na kinanda, kinanda hicho kilikuja ndani ya sanduku kutoka Ulaya, kimelipiwa na waumini wa Ulaya. Waumini wa hapa walikisikiliza kwa heshima. Lakini nani angethubutu kusema kinanda kinapigwa vibaya? Hakuwa amekilipia, na wala hakujua kizuri kinavyosikika.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, na ndani yake ukaagiza muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi katika ibada. Wataalamu wa liturujia wataeleza maana yake ya kiimani. Mimi nawaeleza maana yake ya kifedha. Mlango ulipofunguliwa kwa ngoma na adungu, gharama ya muziki ilihama kutoka Ulaya kuja kijijini. Ngoma ilitengenezwa na fundi anayejulikana. Ngozi ilitoka kwa ng'ombe ambaye watu walimwona akichungwa. Adungu, kinubi cha Waaluri, kilipata dada zake wakubwa na wadogo, mpaka leo kwaya moja inaweza kuwa na adungu za saizi kadhaa, kuanzia ndogo ya sauti nyembamba hadi kubwa ya besi inayokaa chini kama mtungi. Na lawama zilianza siku ileile. Mama aliyetoa kuku wa kununulia nyuzi alijua sauti anayoitaka. Kwaya za mkoa huu zimekuwa nzuri kwa sababu zimelaumiwa na watu waliozilipia.

Hilo la lawama halikuletwa na Kanisa. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, alieleza kwa kirefu ngoma za misiba. Koo zilikuja kucheza, na kucheza kwenyewe kulionyesha nani ni nani kwa marehemu. Kufika na watu wako, na nyimbo zako, na jasho lako, ilikuwa ni mchango. Asiyefika alikuwa amejitoa, na kikao cha ukoo kilipokaa baadaye kugawa mambo, neno lake lilikuwa jepesi. Wazee mlioko hapa mnajua kwamba hilo halijafutika. Kijana anaweza kutuma fedha kwa simu kutoka Kampala asije msibani, na fedha zikapokelewa kwa shukrani, lakini wapo watakaosema: alituma.

Nisisahau agwara. Kwa vijana waliokulia kwenye spika za bodaboda, agwara ni tarumbeta za mbao za mkoa huu, ndefu na fupi, zinazopulizwa kwa pamoja. Kila moja ina sauti zake chache sana, moja au mbili. Hakuna mpulizaji anayepiga wimbo mzima. Wimbo unajengwa kwa kupokezana, huyu anaingia mwenzake anapotoka, na mmoja akikosekana kila sikio linasikia pengo. Ndugu zetu wa Busoga wana muziki wa namna hiyohiyo, bigwala, wa tarumbeta za vibuyu. Muziki wa aina hii hauwezi kununuliwa na tajiri mmoja akaucheza mwenyewe. Kabla hujachangiwa fedha, umekwisha kuchangiwa pumzi. Nadhani ndiyo maana vikundi vya agwara huomba kwa sauti ya juu kuliko mpiga kinubi anayezunguka peke yake: wameshazoea kudaiana.

Bigwala ina funzo jingine, chungu kidogo. Muziki huo uliishi kwa ufadhili wa mfalme. Falme za Uganda zilipofutwa kwa Katiba ya 1967, bigwala ilikosa mlipaji, na kwa kuwa wananchi hawakuwa wameizoea kama mali yao ya kulipia, ikaanza kufa. Falme zilirudishwa 1993, lakini wapulizaji walikuwa wamebaki wazee wachache sana. UNESCO iliiweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Walioanza kuifufua ilibidi waanzie shambani, kwa kulima vibuyu, maana bila kibuyu hakuna tarumbeta. Hapa West Nile kinubi cha bakuli cha Wamadi, o'di, kiliingizwa kwenye orodha hiyohiyo mwaka 2016. Kuna watu hufurahia habari kama hizo kana kwamba tumepewa tuzo. Ile ni orodha ya wagonjwa mahututi, jamani.

Sasa nije kwenye fedha za nje, na hapa nitaongea kwa uangalifu kwa sababu mashirika mengi yametusaidia na wengine wenu mmeajiriwa nayo. Fedha za nje zina uwezo ambao sisi hatuna. Nendeni Yumbe, kambi ya Bidi Bidi iliyofunguliwa mwaka 2016 kuwapokea ndugu zetu waliokimbia vita Sudan Kusini, ikawa moja ya makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Huko kumejengwa kituo cha sanaa za maonyesho kilichochorwa na wasanifu wa kampuni ya Hassell pamoja na LocalWorks ya Kampala: matofali ya udongo ulioshindiliwa, na paa kubwa linalokusanya maji ya mvua. Hakuna mnada wa jogoo ambao ungejenga jengo lile. Watu waliopoteza kila kitu hawangeweza kuombwa wachange, na kuwapa mahali pa kuimbia ni kazi njema kabisa.

Lakini fedha za nje zina kalenda yake. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar lililoanza mwaka 2004 na kujulikana dunia nzima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Lilirudi mwaka uliofuata. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa hapohapo Mji Mkongwe mwaka 2002, kilitangaza mwaka 2019 kwamba huenda kikafunga milango kwa sababu wafadhili wamepungua. Ni taasisi bora zote mbili na sisemi lolote dhidi ya uongozi wao. Nawaomba tu mzilinganishe na Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya mji huohuo, iliyoanzishwa mwaka 1905. Imepita katika usultani, ukoloni, mapinduzi na mageuzi, imebadilishwa jina na kurudishiwa, imegombana na kugawanyika, na bado ipo. Ni klabu ya wanachama. Na taarabu yenyewe imejengwa juu ya kutunza: mwanamke anainuka kitini, anacheza taratibu mpaka mbele ya mwimbaji, anampa noti, anarudi. Hamsifu mwimbaji tu. Kwa noti ile amesema ubeti huu ni wangu, na aliye ukumbini ambaye ubeti unamhusu ameelewa. Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi naona pia kwamba kutunza ndiko kunakomfanya mchezaji awe wa kwao.

Mfadhili wa nje naye anataka neno, msidanganyike. Analipata kupitia ripoti ya robo mwaka, idadi ya washiriki, picha. Halaumu kwa kusema ngoma imelegea; analaumu kwa kusema jedwali halijajazwa. Kikundi kinachomjibu yeye peke yake hujifunza kujaza jedwali vizuri, na wimbo unaanza kuwa juu ya kunawa mikono mwaka huu na juu ya mabadiliko ya tabianchi mwaka ujao. Nyimbo za kunawa mikono zina kazi yake. Ila kizee wa jirani, aliyekuwa akisimama nje na kunung'unika, ameacha kuja, na kuondoka kwake ni hasara kuliko ruzuku kumalizika.

Najua mtanipinga kwa hoja nzito: je, hii haki ya kuilaumu ngoma si ndiyo inayowapa matajiri na wanasiasa nafasi ya kuiteka? Ndiyo, na hutokea. Mbunge anatoa milioni, na mwezi wa uchaguzi kikundi kizima kimevaa rangi yake. Au anatoa ahadi ya milioni, inapigiwa makofi, inaandikwa daftarini, na inabaki daftarini; nadhani kuna ahadi Arua zilizo na umri mkubwa kuliko jiji lenyewe, ambalo lilizaliwa Julai 2020. Kenya wameijua hatari hii zamani. Harambee, aliyoihubiri Jomo Kenyatta kuanzia 1963, ilijenga shule nyingi sana, lakini pia ikawa jukwaa la kununulia kura, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba watumishi wa umma hawaruhusiwi tena kushiriki harambee. Kuna hoja ya pili, ya kimyakimya, kwamba kuchangisha mbele ya watu huwabana maskini. Mjane anatoa asichokuwa nacho kwa kuogopa macho ya meza ya pili. Hilo siwezi kulitetea. Kikundi kinachomtaja asiyetoa kinastahili kufungwa.

Jibu langu kwa hoja ya kwanza ni kwamba tajiri huteka pale alipo peke yake. Penye majina 300 daftarini, kila jina na elfu mbili au tano yake, mwenye milioni anakuwa jina moja kati ya 301. Onduparaka FC ni mpira, si ngoma, lakini tuliona jinsi klabu ya mtaani ilivyopanda mpaka Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016 ikiwa imebebwa na mashabiki wake, na jinsi mashabiki walivyojiona wana haki ya kumfundisha kocha kazi. Kocha aliteseka. Uwanja ulijaa.

Na kwa hoja ya pili, ipo njia tunayoijua tayari. Vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, vimeenea mkoa wetu mzima. Wanawake wengi wa vikundi vya ngoma ni hao hao wa sanduku. Mle ndani mchango ni mdogo, ni wa kila wiki, unajulikana, na mwenye dhiki anaeleza mapema bila aibu ya hadhara. Mfuko wa ngozi na nyuzi ukikaa ndani ya sanduku hilo, mnada wa jogoo unabaki kuwa sherehe ya mara moja kwa mwaka, na mjane hachezewi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu viongozi wa kwaya na vikundi, hapa Ediofe, Koboko, Maracha, Yumbe na kwingineko, ni dogo na linatekelezeka mwezi huu. Kabla hamjaandika barua ya maombi kwenda Kampala au Ulaya, waombeni majirani kwanza, nyumba kwa nyumba, kiasi ambacho muuza nyanya anaweza kukitoa bila kukopa. Andikeni kila jina. Bandikeni hesabu mlangoni pa kanisa, msikitini na kwenye duka la karibu, kwa lugha ambayo watu wanaisoma, mkionyesha ngozi ilinunuliwa kwa bei gani na lori lililipwa kiasi gani. Baada ya kila onyesho wekeni nusu saa ya watu kusema, nanyi msijitetee. Fedha za nje zikija baada ya hapo, zipokeeni, zinunulie vile ambavyo mtaa hauwezi.

Nanyi mliokuja kusikiliza tu: kwaya ya hapa inahitaji ngozi mbili za ngoma, na daftari liko mezani karibu na mlango. Andikeni majina yenu, kisha mje kwenye mazoezi mseme mnachokisikia.